Paradorn: kutoka raketi hadi kiti cha nahodha

Juni 26, 2002, nyasi za Wimbledon ziliwameza vigogo watatu kwa siku moja. Pete Sampras akatolewa, Marat Safin akatolewa, na Andre Agassi, aliyepangwa namba 3 kwa ubora, akachapwa 6-4, 7-6, 6-2 na Mthailand ambaye jina lake liliwatoa jasho watangazaji: Paradorn Srichaphan. Mshindi hakujirusha chini wala kupiga kelele. Aliunganisha viganja kifuani akainama kwa mashabiki wa upande mmoja, kisha wa pili, wa tatu na wa nne, kama watu wa kwao wanavyoamkiana.

Kocha wake alikuwa baba mzazi, Chanachai, aliyewafundisha tenisi wanawe wote watatu. Paradorn ndiye kitindamimba. Alishiriki Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 bila makeke, na miaka miwili baadaye akaanza kubeba vikombe: Long Island mara mbili, Stockholm, Chennai, Nottingham. Mei 2003 alishika namba 9 duniani, mwanamume wa kwanza wa Asia kuingia kumi bora. Si jambo dogo. Paul Wekesa wa Kenya, fahari yetu katika mchezo huu, kilele chake kilikuwa namba 100, mwaka 1995.

Wachezaji wenzake walimpa tuzo ya uungwana 2002 na 2003. Kwangu hiyo ina uzito kuliko baadhi ya vikombe, maana wanaopiga kura ndio anaowafunga.

Kifundo cha mkono kikamwangusha 2007. Akapasuliwa, akajaribu kurudi, kisha ajali ya pikipiki ikamvunja mifupa ya mikono yote miwili. Juni 2010 akatangaza kustaafu, hata miaka 31 hajatimiza.

Ndipo akakalia kiti cha nahodha wa timu ya taifa ya Davis Cup. Katika mashindano ya kawaida ya enzi zake, kocha alikatazwa kumwelekeza mchezaji mechi ikiendelea. Mzee Chanachai alitazama akiwa jukwaani, mdomo kaufunga. Davis Cup ni nchi kwa nchi, na nahodha hukaa uwanjani kabisa, akamwelekeza mchezaji wake kila pande zinapobadilishwa. Mwana alipata ruhusa ambayo baba hakuwa nayo.

Wa kumrithi ndiye aliyekosekana. Danai Udomchoke, bingwa wa Michezo ya Asia 2006, aliishia namba 77. Asia yenyewe ilisubiri hadi 2014 ndipo Mjapani Kei Nishikori akaingia kumi bora.