Laini Ikishatawanyika

Mji wa Mlolongo haukupewa jina la mzee wala la mto. Ulipewa jina la laini ya malori. Kituo cha kupimia uzani kiliwekwa kando ya Mombasa Road, madereva wa kutoka bandarini wakawa wanapanga magari hapo kungoja zamu. Na kwa kuwa mtu anayengoja hula, hulala na huzibiwa pancha, wafanyabiashara wakaifuata laini. Leo maghorofa yamejaa, barabara ya juu ya kwenda Westlands inaanzia hapo, na mizani za kisasa hupima lori likiwa linatembea, ili lile tu linaloshukiwa kuzidisha mzigo ndilo liitwe kando. Jina limebaki lile lile la kungoja.

Nimeanza na malori ingawa makala hii ni ya kitabu cha kompyuta. Vumilia kidogo.

Januari 2012 mwandishi wa programu aitwaye Karl Seguin alitoa The Little Redis Book, kitabu pepe cha kurasa thelathini hivi, bure kabisa. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kingine cha aina hiyo, The Little MongoDB Book. Leseni yake ni ya Creative Commons: kinakili, mpe mwenzako, kitafsiri ukipenda, bora umtaje mwandishi na usikifanye biashara.

Kwetu Kenya kilikuja wakati mzuri. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti, polepole na ghali. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na 2010 iHub ikafunguliwa Ngong Road, Nairobi. Kijana anayejifunza mwenyewe, bila karo ya chuo, sasa angeweza kushusha kitabu kizima kabla chai haijapoa. Mimi naona jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosifiwa. Tunaongea sana kuhusu nyaya na majengo, tunasahau kwamba kuna mtu alikaa chini akaandika kurasa chache zinazoeleweka, halafu akakataa kuziuza.

Kilifundisha nini? Kwa miaka mingi hifadhidata ilimaanisha majedwali. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM aliandika makala akipendekeza data ipangwe hivyo, na hadi leo benki na hospitali zinaishi ndani ya wazo lake. Redis ilianzia kwingine. Salvatore Sanfilippo, Mtaliano wa Sicily, alikuwa na huduma ya kuonyesha papo hapo nani anatembelea tovuti, na majedwali yakawa yanamchelewesha. Mwaka 2009 akatoa programu inayoweka data kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, badala ya kuikimbilia diski kila mara. Kitabu kinaeleza maumbo matano ya data, na mojawapo ni orodha. Amri ya LPUSH huingiza kitu upande wa kushoto, RPOP hukitoa upande wa kulia, kwa hiyo aliyetangulia kuingia hutangulia kutoka. Mtoto wa Mlolongo hahitaji kuchorewa hilo. LPUSH, lori limefika. RPOP, haya, songa kwa mizani.

(Programu yenyewe imepitia mengi. Machi 2024 kampuni yake ilibadilisha leseni, wengine wakajitenga na kuanzisha Valkey chini ya Linux Foundation, na 2025 leseni huria ikarudishwa. Kitabu kiliendelea kuwa bure tu.)

Ila RAM ina tabia yake: stima ikipotea, kila kitu kimeenda. Ndiyo maana Redis ina njia za kujihifadhi. Hupiga picha ya data nzima na kuiweka kwenye diski kila baada ya muda. Kwa mipangilio ya kawaida ya siku zile, kama ni kitu kimoja tu kilichobadilika, iliweza kungoja hadi dakika 15. Au huandika kila badiliko kwenye faili, moja baada ya jingine, kama karani. Hapa ndipo anayejenga mfumo hulazimika kujiuliza: laini hii ikitawanyika, nani atathibitisha ilikuwa na nani?

Mkenya wa umri fulani akisikia neno mlolongo hafikirii malori wala kompyuta. Anafikiria 1988. KANU, chama pekee kisheria tangu 1982, ilikuwa imeamua 1986 kwamba katika mchujo wapiga kura wajipange nyuma ya mgombea wao au wakala wake. Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga. Februari 1988 watu wakapanga laini mchana kweupe, wakitazamwa na jirani, chifu na mwajiri. Mgombea aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa, hakuna kura ya siri iliyofuata.

Kuna mahali ambapo mwenye laini fupi alitangazwa mshindi, watu wakiona. Ungebisha vipi? Hakukuwa na karatasi za kura, hakukuwa na sanduku la kufungua. Kumbukumbu pekee ilikuwa watu wenyewe waliosimama pale, na jioni walikuwa washarudi makwao, mwingine kukamua ng'ombe, mwingine kupika. Kuhesabu upya hakuwezekani. Kilichobaki ni tarakimu ya msimamizi upande mmoja, na upande wa pili ni macho ya wananchi. Fundi wa kompyuta angesema data ilikaa RAM tu. Tofauti ni kwamba stima haipotei kwa makusudi ya mtu, angalau mara nyingi.

Mwaka 1990 kamati iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini kusikiliza maoni. Desemba mwaka huo wajumbe wa KANU waliifuta kura ya mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70. Wabunge waliopita kwa laini zile waliendelea kukaa bungeni hadi 1992.