Kusadikika Katika Bweni Letu: Habari za Shaaban Robert na Wasomaji Wake



Mhariri ameniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya majengo, mashamba ya shule na vikombe vya mpira. Mimi nimechagua kuandika habari za kitabu kimoja chembamba, mtu aliyekitunga, na vijana wa bweni moja waliokipenda kupita kiasi. Kitabu chenyewe ni Kusadikika, na mtungaji ni marehemu Shaaban Robert. Humo humo nitaeleza kosa nililolitenda kwa ajili ya kitabu hicho, ambalo sijapata kulitamka mbele ya wenzangu.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Tanga. Jadi yake ilikuwa ya Kiyao, watu ambao sisi wa Ruvuma ni majirani zao wa Tunduru, lakini mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani katika idara ya forodha. Ukarani wa serikali ndio uliomlisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake: alitoka forodha akaenda idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha idara ya upimaji. Chuo kikuu hakukiona. Tenzi, insha, riwaya na habari za maisha yake mwenyewe aliziandika huku akitunza mafaili ya serikali ya kikoloni. Alifariki mwezi Juni 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata Uhuru.

Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951. Ni habari za nchi isiyokuwa katika ramani yoyote, nchi inayoelea hewani. Huko kijana mmoja aitwaye Karama anashtakiwa na waziri aitwaye Majivuno. Kosa lake ni kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Badala ya kuomba radhi, Karama anasimama barazani kujitetea, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja. Wajumbe hao ni sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, kutafuta mambo mema ya kuifaa nchi yao. Walirudi na mambo hayo baada ya taabu nyingi, na malipo yao yakawa kutupwa gerezani.

Yafaa msomaji wa leo akumbuke hali ya wakati ule. Hadithi za nchi za ajabu hazikuwa ngeni katika Kiswahili. Alfu Lela Ulela ilikuwa ikisimuliwa pwani, na tangu miaka ya 1920 vitabu vya Kiingereza vilikuwa vikifasiriwa kwa ajili ya shule. Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotungwa na Rider Haggard na kufasiriwa na Frederick Johnson, kilitoka mwaka 1929. Vijana walikipenda, nasi pia tulikipenda. Lakini humo wenye kusafiri na kugundua ni Waingereza, na Mwafrika kwa sehemu kubwa ni kiongozi wa njia na mchukuzi wa mizigo. Katika Kusadikika hakuna mgeni aliyekuja kugundua kitu. Wenye nchi ndio wanaosafiri, wenye nchi ndio wanaodhulumiana, na mwenye nchi ndiye anayesimama kudai haki. Kwa karani wa serikali ya kikoloni, kuandika waziwazi kwamba watawala hawasikilizi watu kungekuwa hatari. Basi aliinyanyua nchi nzima akaitundika hewani, kisha akasema alichotaka kusema.

Sasa nije nyumbani kwetu. Mwaka 1983 nilikuwa kidato cha tatu, na tena kiranja wa bweni. Ninyi mliokuwapo mnakumbuka hali ilivyokuwa baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni ilikuwa adimu, mafuta ya taa adimu, na daftari lilikuwa mali ya kufungiwa sandukuni. Vitabu vya hadithi ndivyo vilikuwa vichache kabisa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na nakala moja ya Kusadikika, ya kwake mwenyewe, jalada limeshonwa kwa uzi. Alitukopesha bweni zima kwa sharti moja: kirudi kabla ya kufunga shule.

Tulikisoma kwa zamu, siku nne kila mtu. Waliokuwa na daftari la ziada walinakili kwa mkono, huyu sehemu hii na yule sehemu ile, ili wenzetu wa ziwani wapate cha kusoma likizoni huko Liuli, Lituhi na Mbamba Bay. Tulinakili kwa koroboi hadi pua zikawa nyeusi kwa moshi.

Mabishano hayakukoma. Kundi moja lilipenda safari ya mbinguni kuliko zote. Mmoja wao alishikilia kwamba Shaaban Robert alijua habari za roketi, maana kitabu kilitoka miaka 6 kabla ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, na miaka 18 kabla ya Wamarekani kutua mwezini. Kundi la pili lilisema hayo ni mambo ya kitoto, na kwamba kitabu kizima ni habari za sheria na wala si za hewani. Kundi la tatu, la vijana wa Kimatengo kutoka milimani, lilikuwa na hoja yake. Walisema Kusadikika wao wameiona kwa macho: asubuhi ya ukungu, ukisimama juu ya mlima unaotazama ziwa, maji hayaonekani, na milima ya Malawi ng'ambo huwa kama imening'inia hewani bila mguu. Wenzetu wa ziwani walicheka, wakasema wao wakiwa ufukoni wakivua usipa huitazama milima ya Wamatengo ikielea vivyo hivyo. Kila mmoja akaona kwamba kwa mwenziwe yeye ndiye Mkusadikika.

Kosa langu ni hili. Zamu yangu ilipofika, kurasa za mwisho za kitabu zilikuwa zimeanza kuachia uzi. Siku ya tatu nilikwenda nacho kwenye shamba la kahawa la shule, nikajificha kusoma wakati wenzangu wakipalilia. Mvua ikashuka ghafla. Nilikisokomeza kitabu ndani ya shati nikakimbia. Jioni nilipokifungua, kurasa za mwisho hazikuwamo. Nilirudi shambani kulipopambazuka, nikaona matope tu. Nami nilikuwa sijazifikia kurasa zile, kwa hiyo hata hukumu ya Karama sikuijua.

Siku iliyofuata nilimkabidhi kitabu aliyekuwa na zamu baada yangu, kijana wa kidato cha kwanza kutoka pwani ya Lituhi. Sikumwambia neno. Baada ya siku mbili alikuja kuuliza, kwa adabu, "Kaka, mbona hadithi haiishi?" Bweni likalipuka. Ilisemwa kwamba njuka yule amezichana kurasa akafungia karanga. Wengine waliapa kwamba waliziona karanga zenyewe. Aliamriwa kuchota maji ya bweni zima kwa wiki mbili, na hakuna aliyekaa naye meza moja. Amri hiyo niliitoa mimi, kiranja.

Siku ya tano, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, mtu wa Mbinga asiyependa maneno mengi, alituuliza: "Nani amemsikiliza?" Tulinyamaza. Akasema, "Tumekisoma kitabu hiki mwaka mzima, na Majivuno tumekuwa sisi."

Basi Jumamosi usiku tukafanya baraza. Njuka alisimama katikati ya vitanda. Hakulia wala hakuapa. Aliomba yaletwe madaftari yote tuliyonakilia, yapangwe moja baada ya moja. Kisha akauliza jambo moja tu: kwa nini daftari la kaka kiranja, anayenakili upesi kuliko wote, limekomea katikati na sehemu ya mwisho haimo, ilhali alikaa na kitabu siku nne nzima? Macho yote yakanigeukia. Nikajibu kwamba nilishikwa na malaria. Nilikuwa kiranja, nikasadikiwa. Baraza likaamua kwamba ushahidi hautoshi, na adhabu ya maji ikafutwa. Lakini hakuna aliyesema kwamba kijana yule hana hatia, wala aliyemwomba radhi. Mwalimu alipoelezwa kwamba kurasa zimepotea, alishusha pumzi tu akakipokea kitabu chake.

Muhula uliofuata kijana yule alirudi kutoka likizo na daftari. Alikuwa ameipata nakala nyingine kwa mjomba wake, mwalimu wa shule ya msingi Mbamba Bay, akainakili sehemu yote iliyopotea kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Hakumpa mtu mmoja. Aliliweka juu ya sanduku katikati ya bweni. Usiku ule mmoja alisoma kwa sauti na sisi tukasikiliza. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba Karama alishinda, na kwamba wajumbe waliofungwa walifunguliwa. Bweni lilipiga makofi kama kwenye mpira. Mimi nilipiga makofi pamoja nao. Kijana yule alinitazama mara moja, akageuka akalala.

Tangu hapo nimekutana na wasomaji wengi wa Shaaban Robert, na nimeona jinsi nchi yake ya hewani ilivyoenea. Siku hizi mtu akitaka kusema juu ya mambo ya serikali bila kutaja jina, husema "katika nchi ya Kusadikika", na kila msikilizaji akaelewa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1976 juu ya riwaya za Shaaban Robert. Kisha yeye mwenyewe akatuachia Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vya safari za ajabu zisizokuwa za dunia hii. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Huko Kenya, Katama Mkangi, mwalimu wa chuo kikuu aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995. Humo mtu aliyehukumiwa kufa anarushwa angani katika chombo, na badala ya kufa anafika katika nchi yenye haki. Jina la nchi hiyo, ukilitamka polepole, ni "wale ni sisi".

Nimelifikiri jina hilo mara nyingi. Sisi wa bweni lile tulidhani tunasoma habari za wale wa hewani, kumbe wale walikuwa sisi. Tulikipenda kitabu, tulikinakili, tulikibishania hadi usiku wa manane, na katikati ya mapenzi hayo tukamhukumu mtu bila kumsikiliza. Mapenzi ya kitabu peke yake hayamfanyi msomaji kuwa mwema. Kilichotusaidia ni mwenzetu mmoja aliyethubutu kuuliza swali la kitabu nje ya kitabu.

Enyi wadogo zetu, someni hadithi za nchi zisizokuwapo. Msione haya mtu akiwaambia ni mambo ya kitoto. Someni kwa pamoja, mkibishana, na mkifika mwisho tazameni ni nani kati yenu anayechota maji ya wenzake.

Nitakuja mkutanoni na nakala mbili za Kusadikika kwa ajili ya maktaba ya shule, zenye kurasa zote. Na wewe ndugu yangu wa Lituhi, kama gazeti hili litakufikia, ujue kwamba kurasa zile nilizipoteza mimi, katika shamba la kahawa, siku ya mvua. Hukuwa na hatia. Naliandika hili hapa kwa kuwa hukumu yako ilitolewa mbele ya bweni zima, na bweni zima ndilo linalosoma gazeti hili. Ukija, nitakuomba radhi mbele ya wote.

Wasalaam,
Aliyekuwa kiranja wa bweni, 1983