The Queen and I

Riwaya ya kuchekesha ya Sue Townsend (1946–2014), mwandishi wa Leicester, Uingereza, iliyotoka mwaka 1992. Chama kinachopinga ufalme kinashinda uchaguzi, na Malkia Elizabeth II na jamaa zake wanahamishiwa kwenye nyumba za halmashauri katika mtaa wa walalahoi. Mumewe, Philip, anagoma kutoka kitandani. Mwanawe, Charles, anafurahia bustani yake, kisha anaishia jela.

Malkia ndiye moyo wa kitabu: anahesabu senti, anangoja posho inayochelewa, anazoea majirani wasiomwonea haya. Townsend, aliyewahi kulea watoto peke yake katika ufukara, anamhurumia Malkia huyu. Kejeli yake kali zaidi anaielekeza kwa serikali inayowadhalilisha maskini. Mwaka 2006 alitoa mwendelezo, Queen Camilla.