Akiba Haiozi: Majira ya Baridi ya 1980 na Mabishano ya Mashabiki wa St. Louis

Besiboli si mchezo uliokita mizizi katika viwanja vya shule zetu. Lakini swali ninalotaka tulitazame katika makala haya linajulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua timu ya bweni: nani abaki, nani aachwe, na nani akabidhiwe kazi ya kumaliza mchezo wakati wengine wamechoka? Wamarekani wamelibishania swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Historia ya mabishano yao ina mafunzo kwa sisi tuliokwisha kumaliza masomo na kwa ninyi mlio bado madarasani.

Kwanza yafaa mchezo wenyewe ueleweke. Timu mbili za watu tisa tisa hupokezana kupiga mpira kwa rungu, na kila timu hupata zamu tisa. Zamu huisha wapigaji watatu wanapotolewa. Mtu mwenye kazi kubwa kuliko wote ni mrushaji, ambaye husimama umbali wa meta 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji na kumrushia mpira kwa nguvu na kwa hila. Mkono wa binadamu si chuma. Baada ya kurusha mara mia moja hivi huchoka, na hapo ndipo mpinzani hupata nafasi. Kwa sababu hiyo kila timu huwa na warushaji wa akiba, ambao hukaa pembeni ya uwanja wakipasha miili moto na kungoja kuitwa. Wamarekani hupaita mahali hapo zizi la mafahali.

Zizi hilo halikuwapo tangu mwanzo. Katika karne ya 19 aliyeanza kurusha ndiye aliyetazamiwa kumaliza. Ni mwaka 1891 tu ndipo kanuni ziliporuhusu mchezaji kubadilishwa wakati wowote. Hata baada ya hapo desturi ya zamani iliendelea. Cy Young, aliyecheza kuanzia mwaka 1890 hadi 1911, alishinda michezo 511 na kumaliza mwenyewe michezo 749. Katika siku hizo mrushaji wa akiba alikuwa mzee aliyekwisha nguvu, au kijana asiyeaminiwa bado.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1924 timu ya Washington ilitwaa ubingwa ikimtumia sana Firpo Marberry, mtu wa kwanza kupata sifa kubwa kwa kuingia mchezo ukiwa katikati. Mwaka 1950 Jim Konstanty wa Philadelphia aliingia katika michezo 74 bila kuanza hata mmoja, naye akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Karibu na mwaka 1960 mwandishi wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, alibuni hesabu ya kupima kazi ya watu hawa. Mrushaji wa mwisho anayelinda ushindi mwembamba huhesabiwa kuwa ameuokoa mchezo. Mwaka 1969 hesabu hiyo ilikubaliwa rasmi. Kazi ambayo hapo awali haikuwa na jina sasa ilikuwa na jina, tarakimu na bei.

Sasa tuwageukie mashabiki. Ligi ya Marekani huchezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba, kisha viwanja hufunikwa na theluji. Hapo zamani watu walikusanyika dukani kuzunguka jiko la moto, wakajadili timu yao mpaka mchezo uanze tena. Ndiyo maana mpaka leo mabishano ya miezi hiyo huitwa ligi ya jiko la moto. Ni ligi isiyo na mwamuzi wala kipenga, na kila mtu ndani yake ni kocha. Mabishano yaliongezeka ukali baada ya Desemba 1975, pale msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba timu haiwezi kumfunga mchezaji maisha yake yote kwa kurudiarudia mkataba ule ule. Tangu hapo wachezaji walianza kuwa huru kuuza jasho lao kwa wampendao, na kila Desemba ikawa soko.

Katika soko hilo aliingia Whitey Herzog, kocha aliyefunzwa na maumivu. Aliiongoza timu ya Kansas City kufika mlangoni mwa fainali kuu, iitwayo World Series, miaka mitatu mfululizo: 1976, 1977 na 1978. Mara zote tatu New York Yankees walimfungia mlango. Tarehe 9 Oktoba 1977, katika mchezo wa tano na wa mwisho, Kansas City waliingia zamu ya tisa wakiongoza kwa pointi 3 kwa 2. Herzog hakuwa na mtu wa akiba anayemwamini kwa saa kama hiyo. Alimwita Dennis Leonard, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kuanza michezo. Yankees walipata pointi tatu wakashinda 5 kwa 3. Wao walikuwa na Sparky Lyle, aliyeshinda mchezo wa nne na wa tano kwa kuingia kutoka akiba. Timu mbili zilikaribiana kwa kila kitu isipokuwa mtu wa kufunga mlango.

Mwaka 1980 Herzog alikabidhiwa timu ya Cardinals ya St. Louis, kwanza kama kocha na kisha kama msimamizi wa usajili pia. Mji huo ni mji wa besiboli kwelikweli, lakini timu ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1967, na mwaka huo wa 1980 ilishinda michezo 74 tu kati ya 162. Wapigaji walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumaliza.

Yaliyofuata yalitokea katika muda wa siku sita. Tarehe 7 Desemba 1980 Herzog alimsajili mdakaji Darrell Porter, aliyekuwa naye Kansas City. Tarehe 8 alibadilishana wachezaji na San Diego, akampata Rollie Fingers, mrushaji wa akiba aliyekuwamo katika timu ya Oakland ilipotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972 hadi 1974. Tarehe 9 alimpata Bruce Sutter kutoka Chicago. Sutter aliushika mpira kati ya vidole viwili vilivyotanuliwa, nao ulikuja kama mpira wa kawaida kisha ukazama ghafla miguuni pa mpigaji. Alikuwa ametunukiwa tuzo ya Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 1979. Kwa siku tatu St. Louis walimiliki warushaji wa akiba wawili bora kuliko wote katika ligi yao. Lakini tarehe 12 Herzog alimpeleka Fingers kwa Milwaukee Brewers, pamoja na mrushaji Pete Vuckovich na mdakaji Ted Simmons, akapokea vijana na wachezaji wa kati wanne: Sixto Lezcano, David Green, Lary Sorensen na Dave LaPoint.

Hapo ndipo jiko lilipowaka. Simmons alianza kuichezea St. Louis mwaka 1968 akiwa kijana. Alikuwa mmoja wa wapigaji bora kupata kutokea miongoni mwa wadakaji, na katika miaka mibaya yeye ndiye aliyewapa watu sababu ya kwenda uwanjani. Herzog alitaka Porter adake na Simmons ahamie nafasi nyingine, jambo ambalo halikuwezekana. Kwa muda aliokuwa ametumika, Simmons alikuwa na haki ya kukataa kuhamishwa, lakini mwishowe alikubali kuondoka.

Mashabiki waligawanyika. Waliomtetea Simmons walikuwa na hoja nzito. Timu haiundwi kwa tarakimu peke yake, bali pia kwa kumbukumbu na uaminifu. Mtu huingia uwanjani kila siku kwa miaka kumi na mitatu, halafu anaondolewa kwa ajili ya wageni! Na iweje mtu anayecheza zamu mbili tu za mwisho athaminiwe kuliko anayecheza zote tisa? Kwa lugha yetu wangesema: usiache mbachao kwa msala upitao. Upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Kuongoza mpaka zamu ya saba si kushinda. Pointi nne za mwanzo hazina faida kama tano zitavuja mwishoni. Hao wangesema: akiba haiozi. Methali zote mbili ni zetu, zote mbili ni za kweli, na zinavuta pande mbili tofauti. Ndiyo maana mabishano kama haya hayamalizwi kwa methali.

Mwaka 1981 haukuwapa jibu. Wachezaji waligoma katikati ya msimu, na ligi ikagawanywa vipande viwili. Ukijumlisha michezo yote, St. Louis walikuwa na ushindi mwingi kuliko wenzao wa kundi lao, lakini hawakuongoza kipande hata kimoja, wakabaki nje. Milwaukee, kwa upande wao, walifika michezo ya mtoano. Fingers aliokoa michezo 28, akapata tuzo ya Cy Young na ya mchezaji bora wa ligi yake katika mwaka mmoja. Waliomlaumu Herzog walijiona wamethibitishwa, naye Porter alizomewa na mashabiki wake mwenyewe.

Herzog hakusimama. Aliowapata Milwaukee aliwatumia kama mbegu. Sorensen aliingia katika mapatano yaliyomleta Lonnie Smith, mkimbiaji hodari. Lezcano aliingia katika yale yaliyomleta Ozzie Smith, aliyekuja kuwa mlinzi wa ajabu wa uwanja wa kati. LaPoint na Green walibaki. Timu ya mwaka 1982 ilipiga mipira ya kuvuka uzio 67 tu, michache kuliko timu yoyote ya ligi kuu. Ilitegemea mbio, ulinzi, na Sutter wa kufunga mlango. Aliokoa michezo 36.

Oktoba 1982 historia ikafanya mzaha wake. Waliokutana katika World Series walikuwa St. Louis na Milwaukee, miji miwili inayosifika kwa viwanda vya bia. Milwaukee walikuwa wamevusha uzio mara 216. Simmons alikuwa kwao. Vuckovich alikuwa kwao, naye ndiye aliyepata tuzo ya Cy Young mwaka huo. Fingers pia alikuwa kwao, lakini mwanzoni mwa Septemba aliumia msuli wa mkono, na fainali nzima aliitazama akiwa benchini.

Mchezo wa kwanza Milwaukee walishinda 10 kwa 0, na Simmons alivusha mpira uzio. Mchezo wa pili, matokeo yakiwa 4 kwa 4 katika zamu ya nane, kijana wa akiba wa Milwaukee, Pete Ladd, alikosa shabaha huku vituo vyote vikiwa na wakimbiaji. Pointi ya ushindi iliingia bila mpira kupigwa. Ilikuwa saa ya Fingers, na Fingers hakuwapo. Baada ya michezo sita timu zilikuwa sawa. Tarehe 20 Oktoba, katika mchezo wa saba, Milwaukee waliongoza 3 kwa 1 mpaka zamu ya sita. St. Louis walipindua, na wakiongoza 4 kwa 3 Herzog akamwita Sutter kwa zamu mbili za mwisho. Alikabili wapigaji sita, akawatoa wote sita. Mchezo uliisha 6 kwa 3. Aliyetajwa mchezaji bora wa fainali alikuwa Darrell Porter, yule yule aliyezomewa.

Je, basi waliomtetea Simmons walikosea? Sidhani. Bila mabadilishano yale Milwaukee hawangefika fainali kwa nguvu ile, maana waliopelekwa huko waliijenga timu. Na hata uthabiti wa akiba una mipaka. Mwishoni mwa mwaka 1984 Sutter alihamia Atlanta kwa mkataba mnono, kisha mkono ukamsumbua na hakuwa tena yule wa zamani. Mashabiki wa St. Louis walilia kwamba timu imekufa. Mwaka 1985 Herzog aligawa kazi yake kwa warushaji kadhaa, na timu ikashinda michezo 101 ikarudi fainali. Huko nako, katika mchezo wa sita, waliingia zamu ya tisa wakiongoza 1 kwa 0 huku wakihitaji ushindi mmoja tu wawe mabingwa. Walipoteza 2 kwa 1, tena kwa uamuzi wa mwamuzi unaolalamikiwa mpaka leo, na mchezo wa saba wakafungwa 11 kwa 0. Mpinzani alikuwa Kansas City, timu ile ile aliyoiacha Herzog.

Wote hao baadaye waliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli: Fingers mwaka 1992, Sutter mwaka 2006, Herzog mwaka 2010. Simmons alingoja zaidi ya wote. Sherehe yake ilifanyika Septemba 2021, na siku hiyo waliomlilia mwaka 1980 walipata faraja yao. Sutter alifariki mwaka 2022, na Herzog mwaka 2024.

Wanafunzi wa leo, msiwadharau wabishi wa jikoni. Mtu habishani usiku kucha juu ya kitu asichokipenda. Lakini ona jambo moja: mashabiki walimhesabu aliyekuwapo na kupendwa, wakati Herzog alihesabu pia yule asiyekuwapo, ambaye pengo lake huonekana saa ya mwisho tu. Mtaalikwa kwenye kamati nyingi katika maisha, za shule, za vijiji, za kazi. Mkifika huko, mpeni aliyetumika heshima yake yote. Kisha ulizeni bila haya: jioni ikifika, nani atafunga mlango? Nasi wazee wenu, tukutanapo kila mwaka kujadili nani alistahili kuvaa jezi ya shule na nani hakustahili, tusione aibu. Ligi yetu nayo haina mwamuzi, na hatutaki aje.