Kidonda Kisipate Hewa

Nyumbani kwetu kidonda kilikuwa na sheria moja: kiachwe wazi, kipate hewa, kikauke. Ukianguka kwenye lami ulipakwa GV, goti linakuwa zambarau, halafu unatembea na kaptula wiki nzima ili jua lifanye kazi yake. Kigaga kikitokea, watu wazima walifurahi. Kimefunga, walisema.

Kwa hiyo mwaka juzi Mama alipopata kidonda cha mguu (ana kisukari), na muuguzi akakifunika kwa kitu cheupe kama pamba, kisha akatukataza kukifungua kwa siku kadhaa, nyumba nzima iligoma. Shangazi alisema waziwazi kwamba mguu utaoza. Siku ya kufungua, ile pamba haikuwepo tena. Kulikuwa na utelezi tu, kama mlenda uliopoa. Nikauliza ni nini.

"Mwani," akajibu muuguzi, akaendelea na kazi yake.

Mimi ni mwandishi wa habari. Neno moja kama hilo hunikosesha usingizi. Nikaanza kusoma.

Kumbe sheria ya nyumbani kwetu iliwahi kuwa sheria ya hospitali pia, Ulaya na kwingineko. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya vidonda vidogo alivyovikata kwenye ngozi ya nguruwe. Vingine aliviacha wazi, vingine akavifunika kwa plastiki nyembamba ili visikauke. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi ya takriban mara mbili. Sababu yake ni rahisi hadi inakera. Seli za ngozi husogea kutoka kingo za kidonda kwenda katikati, na haziwezi kupita pakavu. Kigaga tulichokishangilia ni ukuta. Inabidi seli zichimbe njia chini yake zikitafuta unyevu.

Miaka miwili kabla yake, huko Chekoslovakia, Otto Wichterle na Drahoslav Lím walikuwa wameandika, kwenye jarida hilohilo, juu ya jeli inayobeba maji mengi bila kuyeyuka na ambayo mwili unaivumilia. Krismasi ya 1961 Wichterle alitengeneza lenzi laini za macho nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea vya watoto wake na dinamo ya baiskeli. Napenda sana picha hiyo. Lakini jeli yake ilitoka maabara. Ile ya mguu wa Mama ilitoka baharini, na historia yake ni ndefu zaidi.

Inaanzia Uskoti, ambako watu wa pwani walichoma mwani ili wapate majivu yenye iodini. Mkemia Edward Stanford aliona kuchoma huko ni kupoteza mali. Akauloweka mwani badala ya kuuchoma, akapata ute mzito, na mwaka 1881 akauwekea hataza. Leo tunauita alginati. Ukiuchanganya na kalsiamu unakuwa mgumu na unaweza kusokotwa nyuzi, ndiyo ile pamba niliyoiona. Ukigusa majimaji ya kidonda, chumvi ya mwili inachukua nafasi ya kalsiamu na nyuzi zinarudi kuwa ute. Miaka ya 1940 madaktari wa Uingereza walikuwa tayari wakiujaribu kwenye upasuaji.

Hapo nikasisimka, maana niliwahi kwenda Paje kuripoti juu ya akina mama wa mwani, wanaoingia majini maji yakitoka na kufunga miche kwenye kamba. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na nilipofika kilo ya mwani mkavu ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi mia chache tu. Kipande kimoja cha bandeji ya Mama, kidogo kuliko kiganja, kilitugharimu zaidi ya dawa zake za wiki. Makala ilishajiandika kichwani: jasho la Paje linarudi Dar es Salaam kwa bei ya dhahabu.

Si kweli, kwa bahati mbaya. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia, hasa wa bahari za baridi. Wa Paje hutoa karajini, ambayo kwa sehemu kubwa huishia kwenye dawa ya meno na vyakula vya maziwa. Karajini nayo ni jeli, na watafiti wanaijaribu kwenye vidonda. Ila bado ni majaribio.

Na majaribio ya sasa yanahusu hasa watu kama Mama. Kidonda kikitokea, chembe nyeupe za damu hutengeneza oksijeni kali (si ile inayoingia dirishani) ili kuua vijidudu. Kwa mtu mzima wa afya moto huo huzimika baada ya siku chache. Kwa mgonjwa wa kisukari unaweza kuendelea kuwaka na kuunguza hata seli mpya zilizokuja kujenga. Ndiyo maana watafiti wanachukua jeli za asili, za mwani, za maganda ya kamba, za kolajeni, wanazitia antioksidanti, yaani vizima moto: asidi ya tanini, au kurkumini, ile ya manjano ya jikoni. Matokeo yanapendeza, lakini wengi wa wagonjwa waliopona hadi sasa ni panya.

Wamisri wa kale walipaka asali kwenye vidonda. Imo kwenye mafunjo yao ya miaka 3,600 hivi iliyopita. Asali hutunza unyevu na ina antioksidanti zake. Bibi yangu naye aliitumia kwa kuungua, nje kabisa ya sheria ya hewa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kidonda cha Mama kilifunga mwezi wa nne. Hakikuwahi kuwa na kigaga. Shangazi alikiinamia, akakibonyeza pembeni kwa kidole, akasema hicho hakijapona, kimejificha.