Riwaya Chini ya Dawati

Nikiwa kidato cha pili nilinyang'anywa kitabu. Ilikuwa usiku, wakati wa masomo ya jioni, na mwalimu wa zamu aliingia kwa mlango wa nyuma na viatu vyake vya raba, hakuna aliyemsikia. Juu ya dawati nilikuwa nimefungua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, riwaya teule ya miaka ile. Chini ya dawati, magotini, nilikuwa na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, nakala isiyo na jalada niliyoinunua kwa shilingi 50 kwa duka la "inama", vile vitabu vinavyotandazwa chini kwenye gunia mpaka uiname ndipo uchague. Mwalimu aliivuta, akaipekua, akaniambia nisome vitabu vya maana. Wiki moja baadaye nilitumwa chaki kwa ofisi ya walimu, nikamkuta ameiinamia, chai yake imepoa. Sikumlaumu. Ni kisa cha jasusi wa Kitanzania, Willy Gamba, anayetumwa Nairobi kufuata siri zilizoibwa, na ukishaanza hakuna pa kupumulia.

Nakikumbuka kisa hicho kila ninaposikia wakubwa wakilalamika kuhusu kizazi changu. Lalamiko la kwanza: vijana hawasomi. La pili, na hutolewa na watu walewale: ati vijana wanasoma takataka kwenye simu. Sasa si tuchague moja? Mimi nazisoma hizo hadithi za simu, naziandika pia, na nina maoni makali kuzihusu. Lakini huwezi kuzihukumu kwa haki kama hujui zimetoka wapi.

Mwanzo mmoja mkubwa wa riwaya pendwa ya Kiswahili, kama wahakiki wanavyoiita, ulikuwa shindano. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi, ili kuchapisha vitabu kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Katika shindano lake la uandishi la 1957/58, mshindi alikuwa Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kugeukia uhariri wa magazeti. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka 1960. Humo tunakutana na Bwana Msa na kiko chake. Wengine wanaogopa mizimu. Yeye anatafuta binadamu aliyekuwa na sababu ya kuua. Aliyesoma hadithi za Sherlock Holmes ataliona deni mara moja. Lakini mashamba, utani na mazungumzo ni ya Unguja, na ndiyo maana kitabu kinasomeka mpaka leo.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, akaihamishia hadithi ya upelelezi katika jiji la Dar es Salaam. Mwaka 1974 Musiba akamleta Willy Gamba. Sasa tazama ramani ya vitabu hivyo vitatu. Waandishi wanatoka Zanzibar na Bara, ofisi inayovichapisha ina makao Nairobi, na wasomaji wako kila upande. Willy Gamba mwenyewe ni Mtanzania anayefanya kazi yake kwetu. Riwaya pendwa ya Kiswahili ilikuwa mali ya Afrika Mashariki nzima kabla hatujaanza kuulizana ni ya nani.

Haikupewa heshima, lakini. Kwa wasomi kulikuwa na fasihi ya kweli, halafu kulikuwa na vitabu vya kusomea ndani ya basi. Upande wa Kiingereza hapa Kenya ugomvi ulikuwa mkubwa zaidi. Charles Mangua alitoa Son of Woman mwaka 1971, watu wakakigombania, wahakiki wakakunja pua. David Maillu alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akauza vitabu kama My Dear Bottle na After 4.30 kwa makarani na makatibu wa ofisini ambao hakuna mchapishaji mwingine aliyekuwa akiwafikiria. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976. Na siyo Maillu tu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilikatazwa katika shule za Tanzania kwa sababu ya jinsi ilivyozungumzia mapenzi, na baadaye ikaja kusomwa katika shule hizohizo. Yaani kitabu kinaweza kuhama kutoka chini ya dawati hadi juu yake bila kubadilishwa hata nukta.

Kwa hiyo kudharauliwa hakukuiua riwaya pendwa. Watu walidharau huku wakinunua. John Kiriamiti alitoka gerezani mwaka 1984, na mwaka huohuo My Life in Crime ikachapishwa. Hadi leo hutapita duka la inama ukaikosa. Kilichoiumiza riwaya ya Kiswahili upande wa Kenya, kwa maoni yangu, ni mambo mawili yaliyotokea mbali kabisa na fasihi.

La kwanza ni mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Ile Bureau nayo ilikufa na Jumuiya. Huku kwetu nafasi yake ikachukuliwa na Kenya Literature Bureau. Musiba aliendelea kuandika, na vituko vya Willy Gamba vikawa vinachapishwa Dar es Salaam. Barabara iliyokuwa ikileta hadithi ikawa na kizuizi katikati.

La pili lilikuja kama baraka. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza, na Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Siwezi kulisemea vibaya jambo hilo. Bila hilo mimi nisingekuwa naandika makala haya. Lakini fikiria hesabu ya mchapishaji. Riwaya ikiteuliwa kwa mtihani, itanunuliwa na kila shule mwaka hadi mwaka. Isipoteuliwa, itangoja mnunuzi mmoja mmoja, aje akitaka. Wewe ungechapisha ipi? Polepole riwaya ya Kiswahili nchini Kenya ikavaa sare ya shule. Hata Siku Njema ya Walibora, iliyotoka 1996, ambayo watu wazima huizungumzia kama mchumba wao wa kwanza, wengi walikutana nayo darasani. Na ona jinsi hadithi yenyewe inavyokumbuka ile barabara ya zamani: shujaa wake anatoka Tanga, anavuka mpaka, anamtafuta baba yake mpaka Kitale.

Darasani tulifundishwa kuisoma riwaya kwa maudhui, wahusika na mbinu za lugha, mwongozo ukiwa kando. Tulijua sifa sita za kila mhusika. Sijui kama tulimpenda hata mmoja. Siku ya mtihani wa mwisho nilishuhudia wenzangu wakiirusha riwaya teule juu hewani uwanjani, pamoja na tai na soksi. Hao ndio tunaambiwa leo kwamba hawasomi.

Miaka miwili iliyopita nilipeleka mswada wangu kwa mchapishaji mmoja. Mhariri aliusoma wote, jambo ambalo nalishukuru, akaniambia kwa upole: hadithi ni nzuri, lakini itaingia shuleni? Kulikuwa na wapenzi wawili kwenye lojing'i, kulikuwa na makanga anayeongea kama makanga, na mwishoni hakuna aliyeadhibiwa. Alinishauri niondoe la kwanza, nisafishe la pili, nirekebishe la tatu. Nilikaa miezi mitatu nikirekebisha. Nilipomaliza, makanga wangu alikuwa akiongea kama mwalimu mkuu siku ya wazazi. Niliufunga ule mswada, na ninakiri kwamba nililia.

Ndipo nikaanza kwenda kwa shangazi. Ana saluni Kayole, viti vitatu na kikaushio kimoja, na kila siku jioni simu yake inalia, kazi inasimama. "Ngoja nisome," anamwambia mteja mwenye kichwa nusu. Ni hadithi ya WhatsApp. Mwandishi yuko Tanzania. Shangazi amejua kwa sababu watu wake wanapanda daladala. Ukitaka sehemu zinazofuata unatuma pesa kwa simu, unaingizwa kwa kundi. Shangazi husoma kwa sauti, saluni nzima husikiliza, halafu mzozo unaanza kuhusu kama yule mume alistahili kusamehewa. "Huyu mwandishi ni mbaya bana," alisema siku moja. "Ameniacha hapo kwa mlango!"

Niliposikia mzozo ule nilielewa nilichokuwa nikikitazama. Riwaya pendwa ilikuwa imevuka Namanga tena, safari hii bila kugongwa muhuri.

Sasa maoni yangu makali. Nyingi ya hadithi hizi zimeandikwa vibaya, na kusema kwamba zinapendwa hakuzikingi. Msichana wa kazi anaajiriwa na tajiri kijana asiyetabasamu. Tunajua mwisho kabla ya kufungua. Tajiri huyo hatuambiwi utajiri ameupata kwa biashara gani. Nyumba ina ngazi za marumaru, lakini haiko Mwanza wala Mombasa; imetoka kwenye tamthilia za Kimeksiko ikatua hapo. Kwa kuwa malipo ni ya sehemu, sehemu zinavutwa kama ubani: namba 40 mtu amegonga mlango, namba 43 bado hajafunguliwa. Bwana Msa hakukaa mlangoni. Abdulla alijua shamba lake lilipo, na Musiba alimpitisha Willy Gamba katika Nairobi ambayo msomaji angeweza kuifuata kwa miguu.

Lakini kuna wanachokijua waandishi hawa ambacho sisi tuliofuzu fasihi tumekisahau. Wanajua msomaji anaweza kuondoka wakati wowote. Mazungumzo yao yana uhai kwa sababu hakuna aliyewaambia wayasafishe. Wengi ni wanawake wanaoandikia wanawake, kuhusu kodi ya nyumba, mawifi, na mwanamume anayerudi saa nane usiku. Ukitaka kuwakosoa, wakosoe kama mafundi wenzako. Usiwafukuze chini ya dawati.

Kinachonitia hofu ni kingine. Kile kitabu changu cha Musiba kilikuwa kimezunguka miaka 40 bila jalada na bado kikanifikia. Mwaka jana shangazi aliibiwa simu pale stejini, na hadithi 3 nzima zikaenda nayo. Hakuna maktaba iliyozihifadhi, na hakuna mhakiki aliyeandika hata majina yake. Tukiendelea kuziita takataka, hakuna atakayejisumbua kuziokota.

Mswada wangu nimeufungua tena. Wapenzi wamerudi lojing'i, makanga amerudishiwa ulimi wake. Sehemu ya kwanza nilimtumia shangazi Jumapili, bure. Nilingoja sifa. Alinipigia simu usiku, bila salamu. "Huyu msichana wako anashukia wapi? Matatu ya kuja huku haipitii hapo. Kwani wewe umeacha kuja Kayole?"

Jumatatu asubuhi nilipanda matatu kutoka mjini, nikakaa dirishani, nikaandika majina ya steji zote hadi mwisho.