Somo la Historia: Arkhangelsk, Bandari Inayoganda

Kaeni karibu na redio, na kila kikundi chenye ramani ya dunia kiifungue. Mwalimu wenu na aandike ubaoni maneno haya manne: bandari, barafu, mto, amri. Tutayatumia katika somo la leo.

Tafuteni nchi ya Urusi. Sasa toeni kidole kwenye mji mkuu wake, Moscow, mkipeleke juu, upande wa kaskazini, kama kilomita 1,000. Mtafika penye mto mkubwa uitwao Dvina ya Kaskazini, unaomwaga maji yake katika Bahari Nyeupe. Karibu na mdomo wa mto huo upo mji wa Arkhangelsk, makao makuu ya mkoa wenye jina hilo hilo. Tutajiuliza swali moja: mji huishi kwa nini? Je, ni kwa mahali ulipo, kwa amri za wakubwa, au kwa kazi ya watu wake?

Kwanza tutazame mahali penyewe. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumezoea mchana na usiku kulingana. Kule sivyo. Mwezi wa Desemba jua huonekana muda usiotimia saa nne, kisha likatua. Mwezi wa Juni hutua kwa muda mfupi tu, na usiku wenyewe hauwi na giza. Wakati wa baridi mto huganda ukawa mgumu kama sakafu, na watu hupita juu yake kwa miguu. Zamani merikebu hazikuweza kuingia mpaka barafu iyeyuke. Siku hizi ziko meli zenye nguvu za kuvunja barafu, nazo hufungua njia. Ardhi ni ya kinamasi, kwa hiyo nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa mbao juu ya nguzo.

Basi, kwa nini watu wajenge bandari mahali kama hapo? Sikilizeni. Mwaka 1553 merikebu tatu zilitoka Uingereza kutafuta njia ya kaskazini ya kwenda China. Mbili zilinaswa na barafu, na watu wake wote wakafa. Ya tatu, aliyokuwamo nahodha Richard Chancellor, ilifika karibu na mdomo wa Dvina. Chancellor akasafiri nchi kavu mpaka Moscow, akapokewa na mfalme Ivan wa Nne. Hakuiona China, lakini alipata biashara. Mwaka 1555 wafanyabiashara wa London waliunda kampuni ya kufanya biashara na Urusi. Walileta nguo na madini. Wakachukua ngozi za manyoya, nta, na nyuzi za kusokotea kamba za merikebu.

Mwaka 1584, kwa amri ya mfalme, mji ulijengwa penye nyumba ya watawa ya Malaika Mkuu Mikaeli. Jina Arkhangelsk limetokana na malaika huyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja mji huu ulikuwa mlango mkubwa wa Urusi wa kufanyia biashara ya baharini na nchi za magharibi.

Mwaka 1693 akaja mfalme kijana, Petro Mkuu. Alipenda merikebu kupita kiasi. Akaanzisha kiwanda cha kuunda merikebu kwenye kisiwa cha Solombala, na mwaka uliofuata merikebu ya kwanza ikashushwa majini. Watu wa mji wangeweza kudhani kwamba neema imewafikia. Lakini mwaka 1703 mfalme huyo huyo alianza kujenga mji mpya, St Petersburg, kwenye bahari nyingine iliyo karibu zaidi na Ulaya. Alitaka bidhaa zote zipite huko. Mwaka 1722 aliizuia Arkhangelsk isifanye biashara ya nje ila kwa mahitaji ya jimbo lake tu. Angalieni, ndugu zangu: mto haukuhama, wala bahari haikukauka. Ni amri tu iliyoandikwa kwenye karatasi, na mji ukadhoofika. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1762, wakati wa malkia Katerina wa Pili.

Katika siku hizo ngumu ndipo alipokua kijana mmoja wa nchi hiyo, Mikhail Lomonosov. Alizaliwa mwaka 1711 kijijini karibu na Kholmogory, juu kidogo ya mto. Baba yake alikuwa mvuvi, naye alimfuata baharini. Alijifunza kusoma kijijini, akapata kitabu cha sarufi na kitabu cha hesabu, akavisoma sana. Mwezi wa Desemba 1730, akiwa na umri wa miaka 19, aliondoka na msafara uliokuwa ukipeleka samaki Moscow. Huko shuleni aliketi pamoja na watoto wadogo, nao wakamcheka kwa kuwa mtu mzima anaanza masomo. Hakuondoka. Baadaye alikuwa mtaalamu mkubwa wa sayansi, akaandika sarufi ya Kirusi, na akasaidia kuanzisha Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1755. Wewe uliyechekwa kwa kushika daftari ukubwani, likumbuke jina hili.

Mwishoni mwa karne ya 19 reli ilifika, na mji ukajulikana kwa viwanda vya kupasua mbao. Kisha vita vikaja. Mwaka 1918 majeshi ya Uingereza, Marekani na Ufaransa yaliingia mjini wakati Warusi walipokuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Yaliondoka mwaka 1919, na Jeshi Jekundu likautwaa mji mwaka 1920.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, msafara wa kwanza wa meli zilizoleta silaha kutoka kwa nchi rafiki ulitia nanga hapo tarehe 31 Agosti 1941. Meli zilikuja na shehena, lakini shehena ile ilikuwa ya vita, na watu wengi wa mji walikufa kwa njaa. Waliopona walisaidiwa pia na nyama na mafuta ya sili, mnyama wa bahari ya baridi. Mwaka 2010 mji ulimjengea sili sanamu ya kumshukuru.

Baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, kazi zilipungua na watu wengi wakahama. Mwaka 1989 walihesabiwa watu wapata 416,000. Mwaka 2021 walikuwa wapata 301,000. Hata hivyo bandari inaendelea na kazi, na chuo kikuu cha mji kina jina la Lomonosov.

Sasa zungumzeni kikundini, kisha kila mtu aandike jibu lake:

1. Kwa nini bandari ilijengwa mahali penye barafu?
2. Amri ya mwaka 1722 iliwadhuru watu gani?
3. Katika mji au kijiji chako, ni kitu gani kikiondolewa watu watahama?

Swali la tatu msilikimbilie. Kwaherini mpaka somo lijalo.